Jinsi ya Kuishangilia Timu ya Chuo na Bado Kumtazama Beki Machoni Jumatatu

Jambo la kwanza la kujua kuhusu mpira wa vyuo kwenye miteremko hii ya Mlima Kenya, kuanzia Embu hadi Meru, ni kwamba beki wa kushoto anakusikia. Anakusikia vizuri kuliko anavyomsikia kocha wake. Hakuna uzio kati yenu, hakuna jukwaa refu wala vipaza sauti. Kuna mstari wa chokaa tu, nawe umeukanyaga, mahindi ya kuchoma mkononi. Akija kurusha mpira, kiwiko chake karibu kikuguse kifua. Ukimwita gunia, anapokea gunia lake papo hapo, likiwa bado moto. Na Jumatatu saa mbili asubuhi mtaketi benchi moja mkimsubiri mhadhiri wa takwimu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Jumatatu hiyo.

Wengi wetu tulifundwa ushabiki na televisheni. Tumebanana kwenye kumbi za mpira pale Makutano mjini Meru, au Dallas kule Embu, tukamtukana kipa wa Manchester United hadi sauti ikakauka, naye akalala usingizi wake mzuri kwa sababu hakusikia hata neno. Kioo hakina masikio. Mtu anaweza kukizomea miaka kumi na kisimtendee lolote. Taabu inaanza pale shabiki huyo anapotoka ukumbini na kupeleka mdomo uleule kwenye uwanja wa chuo, ambako mwenye jezi namba tatu ni kijana aliyemkopesha sufuria wiki iliyopita.

Ushabiki wa chuo ni kazi nyingine kabisa, na huku kwetu bado ni changa. Kule Marekani, Rutgers na Princeton walikutana mara ya kwanza mwaka 1869 kwa kandanda la namna yao. Uingereza, Oxford na Cambridge wakafuata 1874. Wana nyimbo za kurithi na mahali pa kusimama pa kurithi. Huku, Chuo Kikuu cha Methodisti, KeMU, kilipata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2006, Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru wakapata 2013, Embu 2016. Mila zetu za uwanjani ni mche wa kahawa ambao bado haujazaa. Kelele utakayopiga leo, komredi, ndiyo wa mwaka wa kwanza watakayoidaka wakidhani ilikuwepo tangu enzi. Kwa hiyo tuipande vizuri.

Kabla ya kipenga

Kama mnacheza ugenini, ushangiliaji unaanza ndani ya basi. Pigeni ngoma, imbeni, tingisheni viti. Lakini barabara ya Embu kwenda Meru, ikishapita Runyenjes na kuvuka Thuci na kuiacha Chuka, huteremka kwenye kona za daraja la Nithi. Hapo ngoma inyamaze. Aliyesimama aketi, aliyetoa mkono dirishani aurudishe, na mmoja wenu, aliye karibu na dereva, amwambie kwa adabu, "Pole pole, mzee." Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Wimbo unaweza kungoja dakika tano. Mkishapanda upande wa pili mtauimba kwa nguvu zaidi, nimeliona hilo mara nyingi.

Mkifika, tazameni uwanja kabla ya kutazama wachezaji. Udongo wetu huu mwekundu ukinyeshewa hauachi kitu. Kwenye mvua ndefu za Machi hadi Mei, na zile fupi za Oktoba hadi Desemba, straika anaweza kukimbia amebeba shamba zima chini ya njumu zake. Atakapopiga mpira ukaenda kwa mama wa kibanda badala ya golini, mtazame miguu kabla hujamhukumu. Ukiona anasimama na kukwangua soli kwa kijiti, basi umeshapata jibu, na kijiti hicho ungeweza kumtafutia wewe.

Rudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye mstari. Mshika kibendera anahitaji njia ya kukimbilia, na huwezi kumlaumu kwa kutoona ofsaidi wakati wewe na wenzako ishirini ndio ukuta uliomziba. Winga naye anahitaji nafasi. Nimeshuhudia mpira ukigonga goti la shabiki na kurudi uwanjani, kisha watu wakabishana robo saa kama ulikuwa umetoka.

Usilete kipenga. Najua kinauzwa bei rahisi na kinapendeza kwenye wimbo. Lakini sheria za mpira zinasema wazi: shabiki akipuliza kipenga, na refa akaona kimeingilia mchezo, mchezo unasimama na mpira unadondoshwa. Hebu fikiria straika wenu amebaki na kipa peke yake, halafu wewe kwa furaha ukapuliza. Leta ngoma, leta vuvuzela, leta debe la mafuta lililokwisha. Na kama shavu lako limejaa muguka, chagua moja, kutafuna au kupiga kelele. Vyote viwili kwa pamoja ni hatari kwa aliyesimama mbele yako.

Robo saa ya kwanza

Usiseme lolote baya kwa dakika kumi na tano. Wachezaji hawa walikuwa na mtihani jana, wengine hawajala vizuri tangu pesa za mkopo zilipochelewa, na miguu bado inautafuta uwanja. Tumia muda huo kujifunza majina. "Namba saba!" haina uzito wowote. Jina alilopewa bwenini lina uzito, kwa sababu akilisikia anajua kuna mtu wa nyumbani pale pembeni.

Kisha jifunze maneno manne. La kwanza ni "Mtu!" Maana yake kuna adui nyuma yake na hajamwona. La pili ni "Muda!" Maana yake yuko huru, atulize mpira, ainue kichwa. La tatu ni "Geuka!" La nne ni "Rudi!", analoambiwa winga aliyesahau kwamba ana beki wake. Haya maneno yana faida kwa sababu yanampa mchezaji habari ambayo macho yake hayana. Yeye amewekwa ndani ya mchezo, mpira uko miguuni, mgongo hauna jicho. Wewe uko pembeni na unaona uwanja wote. Hapo ndipo shabiki anapoweza kuwa mchezaji wa kumi na mbili kweli, na kwenye uwanja usio na uzio anaweza kuwa hivyo kuliko shabiki yeyote wa Old Trafford.

Lakini lazima useme kweli na useme mapema. Ukimwambia "Muda!" na kumbe mtu amefika, umemvunja mguu kwa ulimi wako. Kama huna hakika, nyamaza.

Kuna neno la tano ambalo ningependa lipumzishwe mwaka mzima: "Piga!" Kila mtu akigusa mpira, hata akiwa katikati ya uwanja na mgongo kwa goli, kuna mtu anapaza sauti, "Piga!" Chukua kipimo. Nukta ya penalti iko mita 11 kutoka golini. Mstari wa juu wa boksi uko mita 16 na nusu. Kama mchezaji yuko mbali mara mbili ya mstari huo, neno lako linamshawishi kufanya upuuzi, na akiufanya, wewe ndiye utakuwa wa kwanza kumzomea. Mimi nimeona viungo wazuri kabisa, vijana wenye pasi za kupendeza, wakiharibiwa na neno hili hadi wakawa watu wa kubutua tu, kwa sababu kila walipotulia na mpira uwanja mzima uliwafokea.

Wageni wakitoka pwani, wekeni nyimbo zenu kubwa kuanzia dakika ya sitini. Embu iko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, Meru iko juu zaidi, na mtu aliyezoea hewa ya Kilifi huanza kushika kiuno wakati huo. Timu yenu inapaswa kujua, kwa sauti zenu, kwamba saa yake imefika.

Kuhusu refa

Waswahili walisema mcheza kwao hutuzwa, na wanasayansi wakaja kuthibitisha. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Uingereza, Nevill, Balmer na Williams, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na marefa 40. Waliwaonyesha matukio 47 ya wachezaji kukabana katika mechi moja ya Liverpool na Leicester. Baadhi ya marefa walitazama wakisikia kelele za uwanja, wengine walitazama kimya. Waliosikia kelele waliwahesabia wenyeji makosa machache zaidi, pungufu kwa asilimia 15 hivi. Miaka 18 baadaye, korona ilipofunga viwanja na ligi ya Ujerumani ikarejea Mei 2020 bila mashabiki, faida ya kucheza nyumbani ilipungua, na wageni wakaanza kuonyeshwa kadi chache kuliko walivyozoea.

Kwa hiyo kelele yako si upepo, inafanya kazi. Ndiyo maana nakuomba uitumie kwa akili.

Akili ya kwanza ni kuijua sheria unayoidai. Ofsaidi haipo mpira ukirushwa kutoka pembeni. Haipo kwenye kona. Haipo kwenye golikiki. Wala haimhusu mchezaji ambaye bado yuko kwenye nusu yake mwenyewe wakati mpira unapopigwa. Nusu ya "Ofsaidi!" zinazopigwa kwenye viwanja vyetu zingeisha kama tungekariri sentensi hizo nne, na zile zitakazobaki refa angezisikiliza. Refa hupima mashabiki upesi. Wakidai kila kitu, huziba masikio. Wakinyamaza kwenye mambo madogo na kupaza sauti kwa pamoja kwenye kosa la kweli, hugeuza shingo.

Akili ya pili ni kuhesabu. Tangu mwaka 2025 sheria inasema kipa akiushika mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Refa huinua mkono na kuhesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole. Hii ni zawadi kubwa kwa mashabiki. Kipa wa wageni akianza kulala juu ya mpira wakiwa wanaongoza bao moja, subirini mkono wa refa uinuke, kisha hesabuni wote, wanaume kwa wanawake, kwa sauti moja: "Tano! Nne! Tatu!" Sijawahi kuona kipa ambaye haachii mpira akisikia hivyo. Ni kelele ya haki, haimtukani mtu, na hata refa huonekana kuifurahia.

Akili ya tatu ni fupi. Mama yake refa hayuko uwanjani, mwacheni huko nyumbani kwake. Na mkono wa shabiki haumgusi refa kamwe, wala mshika kibendera, hata bao la ushindi likikataliwa dakika ya tisini. Huyo bwana huenda alikuja kwa matatu mliyokuja nayo na atarudi nayo.

Wakitufunga

Hapa ndipo penye kazi.

Nilisoma katika chuo kimoja cha upande huu, sitakitaja. Darasani kwetu alikuwepo kijana mmoja mpole, mrefu, aliyecheza beki wa kushoto. Hakuwa na kasi kubwa, lakini alisoma mchezo vizuri na alikuwa na krosi ya kuvutia. Siku moja tulicheza na timu yenye winga mwepesi kama swala. Bao la kwanza lilipitia upande wake, na la pili pia. Nasi mashabiki, kwa bahati mbaya, tulikuwa tumesimama upande huohuo, hatua tatu kutoka kwake.

Mtu mmoja alianza, "Toa tatu!" Wengine wakacheka. Kisha ikawa wimbo, ngoma ikaupokea: toa tatu, toa tatu. Niliuimba. Najua kwamba niliuimba kwa sababu nakumbuka mdundo wake hadi leo. Yeye hakugeuka hata mara moja. Aliendelea kumkabili yule winga, lakini sasa alikuwa akimkimbilia bila kupima, kama mtu anayetaka jambo liishe. Kiungo wetu wa upande ule, ambaye kazi yake ilikuwa kurudi kumsaidia na hakuwa akirudi, hakuna aliyemwimbia chochote.

Mapumziko yalipofika alivua jezi, akaikunja vizuri, akamkabidhi kocha, akaenda kukaa chini ya mgrevilea peke yake. Kipindi cha pili aliingia mwingine na tukafungwa matatu zaidi. Jumatatu aliketi nyuma kabisa ya ukumbi wa mihadhara, mahali ambapo hakuwahi kuketi. Hakurudi tena mazoezini. Tulimaliza chuo pamoja na sikuwahi kumwomba radhi, na hilo ni deni.

Basi, mkifungwa, fanyeni hivi. Hesabuni hadi kumi kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Katika hizo sekunde kumi, tafuteni kwa macho ni nani aliyekosekana mahali pake, kwa maana bao huwa na wazazi wengi, na yule anayeonekana karibu na mpira mara nyingi ndiye pekee aliyejaribu. Kisha liiteni jina la kipa. Yeye ndiye wa kwanza, kwa sababu ndiye anayeinama kuutoa mpira wavuni huku wengine wakimpa mgongo. Baada ya kipa, jina la beki. Halafu anzisheni wimbo, na uwe wa polepole, wa kutembea nao, ili timu ipate pumzi ya kurudi katikati ya uwanja.

Ukiona mtu anataka kuanzisha "toa fulani", mwambie: benchi ni la kocha. Mwambie kwa upole, huku umemshika bega. Akiendelea, wewe na watu wawili anzeni wimbo mwingine juu ya wake. Zomeo huhitaji kwaya, likikosa wa kuitikia linakufa.

Mapumziko

Hayazidi dakika 15, na kila mtu ana hotuba ya dakika 20. Chuo cha Meru kule Nchiru kimejengwa kwenye ardhi iliyotolewa na wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, na wazee hao wana desturi ambayo ingetufaa sana chini ya mti: mmoja akisema, wengine wanasikiliza. Jaribuni. Mwenye hoja kuhusu safu ya kati aitoe, amalize, ndipo wa pili apokee.

Msiingie kwenye duara la wachezaji. Wapelekeeni maji na ndizi, mziweke pembeni, mwondoke. Kocha ana dakika chache sana, na ushauri wako wa kubadilisha mfumo, hata kama ni mzuri, umechelewa.

Tukifunga

Ruka. Mkumbatie usiyemjua. Mwaga chai. Lakini ruka mahali ulipo.

Hamu ya kuingia uwanjani naielewa sana, mfungaji ni wako na unataka kumbeba. Lakini kumbukeni Agosti 2025, Kenya ilipoandaa mashindano ya Afrika ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Timu yetu ya taifa, Harambee Stars, walikuwa wanacheza vizuri kuliko tulivyowaona kwa muda mrefu, na kwa sababu ya fujo za mashabiki shirikisho la soka la Afrika, CAF, likapunguza idadi ya watu wa kuingia uwanja wa Kasarani hadi 27,000. Maelfu ya watu waliotaka kusaidia wakawekwa nje kwa makosa ya waliovunja mageti. Wameru wana machungu ya pekee hapa, maana uwanja wao wa Kinoru ulifumuliwa ujengwe upya kwa ajili ya CHAN ya 2018, na mashindano yenyewe yakapokonywa Kenya Septemba 2017. Tumesubiri sana mpira mkubwa. Tusiufukuze kwa miguu yetu wenyewe.

Kwenye uwanja wa chuo hasara ni ndogo zaidi lakini iko. Mkivamia mnafuta chokaa, mnachafua mistari, refa anaongeza dakika, na wageni wanapata muda wa kujipanga. Na mfungaji, ambaye alikuwa na pumzi ya mbio mbili zaidi, anaimalizia mabegani kwenu.

Nyimbo za kuwachokoza wageni ruksa. Imbeni kuhusu kipa wao, jezi zao, basi lao lililoharibika njiani. Matani ya miraa na muguka kati ya Meru na Embu yaendelee, yana ladha yake na pande zote mbili huyapenda. Mpaka upo kwenye kabila la mtu, lafudhi yake na mahali alipozaliwa. Vyuo vyetu vina watoto wa Kenya nzima. Ukimwimbia mgeni kabila lake, geuka utazame waliosimama nawe, utamwona komredi wako wa chumba, wa kabila hilohilo, ameacha kupiga makofi. Kenya ina sheria ya mwaka 2008 kuhusu utangamano wa kitaifa, tuliyoipata kwa gharama ya damu. Pale uwanjani, sura ya komredi huyo inatosha.

Kadi nyekundu, na penalti

Mwenzenu akitolewa, msitumie nguvu zote kumlilia refa. Waliobaki kumi wanahitaji sauti zenu sasa kuliko wakati wowote. Tarehe 10 Agosti 2025 Kenya ilikuwa imeshaifunga Morocco, kwa bao la Ryan Ogam, pale Chrispine Erambo alipoonyeshwa nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi kizima cha pili walicheza watu kumi dhidi ya mabingwa wa zamani wa CHAN, na matokeo yakabaki 1-0. Aliyekuwa Kasarani siku ile atakwambia kwamba hakukuwa na dakika ya kimya. Timu huendelea kucheza mradi wachezaji wasipungue saba, kwa hiyo kumi bado ni timu, waiteni hivyo.

Penalti yenu inapopigwa, kimya. Kimya cha kweli, na ngoma iwekwe chini. Yao inapopigwa, kelele zote mlizo nazo. Siku kumi na mbili baada ya mechi ile ya Morocco, Madagascar ilitutoa kwa penalti baada ya sare ya 1-1, na nchi nzima ikajua majina ya waliokosa. Kwenye chuo chenu, mpira wa aliyekosa una mita 11 tu za kwenda, lakini yeye ana safari ndefu sana ya kurudi. Chagueni mapema, kabla hajapiga mtu yeyote, nani ataenda kutembea naye akikosa. Sitanii. Wekeni watu wawili, watu wake wa bwenini, wenye mabega mapana na wasiopenda kuongea.

Baada ya yote

Okoteni magunzi ya mahindi na maganda ya ndizi. Wapeni wageni mkono, hasa yule winga aliyewatesa, na mwambieni kwamba ni mzuri, kwa sababu ni kweli. Wakati wa chakula cha jioni hadithi ya mechi itasimuliwa upya, na ifikapo saa nne usiku bao lililofungwa kutoka hatua sita litakuwa limepigwa kutoka katikati ya uwanja. Liacheni likue. Lakini kosa la mtu lisikue. Libaki na urefu wake wa uwanjani, au lipunguzwe.

Jumatatu beki atachelewa kidogo. Ataingia akichechemea, plasta gotini, amevaa ndara kwa sababu kidole kimevimba. Sogeza begi lako kabla hajaanza kutafuta pa kuketi. Usianze na mpira, mpe notisi za Ijumaa anakili. Akitaka kuzungumza atazungumza.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikuwa nimeshaacha kuimba na ngoma, nikawa nasimama peke yangu karibu na mgrevilea na kupiga yale maneno manne. Tulikuwa tumefungwa moja kwa sifuri Jumamosi. Beki wa kushoto mpya, kijana wa mwaka wa pili ambaye sikuwahi kusema naye, alinikuta kwenye foleni ya chai.

"Kuna mtu alikuwa ananiambia 'mtu, mtu' huko pembeni. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wiki ijayo tuko ugenini. Unakuja?"

"Nakuja."

"Kipindi cha pili tukibadilisha magoli," akasema, "na wewe uhame. Simama upande wangu."